CRISPR na uhariri wa jeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali ya msingi yametangulia, lakini unaweza kuruka hadi linalokuhusu. Kama una muda wa kusoma jibu moja tu, soma lile la kinachotokea baada ya DNA kukatwa. Mengine karibu yote yanaliegemea.

CRISPR ni nini, kwa kifupi?

Ni kinga ya bakteria ambayo wanasayansi waliiazima wakaigeuza kuwa mkasi wa kukata DNA mahali wanapopataka. Mkasi wenyewe ni protini, mara nyingi ile iitwayo Cas9. Kinachouonyesha pa kukata ni kipande kifupi cha RNA (molekuli inayofanana na DNA, nayo huandikwa kwa herufi), kiitwacho RNA elekezi. Basi. Mkasi huu haushoni wala haubandiki, unakata tu. Neno "uhariri" limetuzoesha kufikiria kalamu, na naona limewachanganya watu wengi.

Jina hilo limetoka wapi?

Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza yanayoeleza kitu kilichoonekana ndani ya DNA ya bakteria: vipande vifupi vinavyojirudia, vimekusanyika mahali pamoja, vimeachana kwa nafasi zinazolingana. Lilianza kutumika mwaka 2002. Hutamkwa "krispa".

Bakteria nao wana kinga?

Wanayo, maana nao wana maadui. Kuna virusi ambavyo kazi yake ni kushambulia bakteria tu, huitwa faji. Faji hujibandika kwenye ukuta wa bakteria na kumdunga DNA yake, na muda mfupi baadaye bakteria hupasuka akimwaga faji wapya. Lakini wapo wanaonusurika. Aliyenusurika huchukua kipande cha DNA ya adui na kukipachika ndani ya DNA yake mwenyewe, katikati ya vile vipande vinavyojirudia. Ni kama polisi anayeweka picha za wahalifu kwenye faili. Faji yule akirudi, bakteria hunakili picha kuwa RNA na kuikabidhi protini ya Cas, nayo huzunguka ndani ya seli ikilinganisha. Ikikuta DNA inayofanana na picha, inaikata. Faili lenyewe hurithiwa: bakteria akijigawa, kila nusu inaondoka na nakala.

Vipande hivyo viliandikwa kwa mara ya kwanza mwaka 1987 na Yoshizumi Ishino na wenzake huko Osaka, Japani, waliokuwa wakichunguza jeni nyingine kabisa na hawakujua vina kazi gani. Francisco Mojica, wa Alicante nchini Hispania, alivikuta tena kwenye vijidudu vinavyoishi majini penye chumvi kali, akavifuatilia kwa miaka mingi, na mwaka 2005 akachapisha kwamba vilivyomo katikati ya vipande hivyo ni mabaki ya virusi. Uthibitisho wa maabara ulikuja 2007 kutoka kampuni ya Danisco, ambako Rodolphe Barrangou na Philippe Horvath walikuwa wakishughulika na bakteria wa kugandisha maziwa. Viwanda vya mtindi na jibini hupata hasara faji wakivamia mapipa, kwa hiyo swali lao lilikuwa la kibiashara kabisa: kwa nini bakteria wengine hawafi?

Kwa hiyo nani aligundua?

Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 2020 ilikwenda kwa Emmanuelle Charpentier na Jennifer Doudna. Ripoti yao ya 2012 ilionyesha kwamba Cas9 inaweza kuelekezwa kukata DNA yoyote kwa kubadilisha RNA tu. Virginijus Šikšnys wa Vilnius alifikia jambo karibu lile lile mwaka huohuo, na mapema 2013 maabara za Feng Zhang na George Church zikaonyesha kwamba mkasi unafanya kazi ndani ya seli za binadamu. Kesi za hataza zikafuata na kuchukua miaka. Ukiniuliza mimi, Mojica na wale wa mtindi hutajwa kidogo mno.

Mkasi unajuaje pa kukatia?

DNA imeandikwa kwa herufi nne: A, T, G na C. RNA elekezi ina sehemu ya herufi 20 zinazolingana na mahali unapotaka kukata. Herufi 20 zinaweza kupangwa kwa namna zaidi ya trilioni moja, na DNA ya binadamu ina herufi zipatazo bilioni 3, hivyo ni vigumu mpangilio mmoja kujitokeza mara mbili kwa bahati tu.

Cas9 haianzi kwa kusoma herufi zote bilioni 3, ingechoka. Inatafuta kwanza alama ndogo iitwayo PAM, ambayo kwa Cas9 ya kawaida ni herufi yoyote ikifuatiwa na G mbili. Ikiikuta, inapenyeza na kutenganisha nyuzi mbili za DNA hapo, kisha inalinganisha na RNA yake kuanzia upande wa PAM. Herufi za mwanzo zisipolingana inaachia na kuendelea na safari. Zikilingana hadi mwisho, inakata nyuzi zote mbili, herufi tatu kutoka kwenye PAM.

Alama hiyo ndiyo inayomwokoa bakteria asijikate mwenyewe. Fikiria: faili lake limejaa vipande vya virusi vinavyolingana kabisa na RNA zake. Kwa nini mkasi hauli faili? Kwa sababu picha zilihifadhiwa bila PAM. Nimeshaeleza jambo hili mara nyingi na bado linanifurahisha.

Si walikuwa wakihariri jeni hata zamani?

Walikuwa. Lakini zana za awali, kama TALEN, zilidai ujenge protini mpya kwa kila mahali pa kukata. Kwa CRISPR protini ni ileile. Unabadilisha RNA, na RNA fupi hutengenezwa kwa siku chache. Ndiyo maana maabara ndogo nazo zikaingia.

Baada ya kukata, nini hutokea?

Seli hushtuka. DNA iliyokatika nyuzi zote mbili ni hatari kwake, kwa hiyo huita mafundi wake wa kuunga, na hao si wa CRISPR. Ni wa seli yenyewe, wamekuwepo tangu enzi na enzi kwa sababu DNA hukatika kila siku kwa mionzi, kwa kemikali na kwa makosa ya kunakili.

Fundi wa kwanza ana haraka. Anashika ncha mbili na kuziunganisha zilivyo. Mara nyingi anafaulu, lakini mkasi ukirudi na kukata tena na tena, mwishowe anapoteza herufi moja au mbili, au anaongeza. Inaonekana ni kosa dogo, ila jeni husomwa kwa herufi tatu tatu. Chukua sentensi yenye maneno ya herufi tatu:

MKE ANA NIA MTU ANA DUA

Ondoa E moja tu, kisha endelea kusoma tatu tatu:

MKA NAN IAM TUA NAD UA

Protini inayotokana na maandishi ya namna hiyo haifai kitu. Jeni imezimwa.

Fundi wa pili ni mwangalifu. Anatafuta nakala inayofanana ili aige kilichokuwepo. Hapo mwanasayansi anaweza kumtegea nakala yake aliyoitengeneza, yenye badiliko analolitaka, na fundi akaiiga akidhani ni ya asili. Tatizo ni kwamba fundi huyu hufanya kazi zaidi katika seli zinazojigawa. Seli nyingi za neva na misuli ya mtu mzima hazijigawi tena, kwa hiyo humo hapatikani kwa urahisi.

Kwa hiyo kuzima jeni ni rahisi, kurekebisha jeni ni kazi. Ukisoma habari yoyote ya CRISPR, jiulize kwanza: walizima, au walirekebisha? Utashangaa ni mara ngapi jibu ni kuzima.

Hakuna njia ya kubadilisha herufi bila kukata?

Ipo. Mwaka 2016 maabara ya David Liu huko Marekani ilichukua Cas9 iliyopunguzwa makali, isiyoweza kukata nyuzi zote mbili, ikaiunganisha na kimeng'enya kinachobadilisha C kuwa T. Mwaka uliofuata ikaja ya kubadilisha A kuwa G. Mwaka 2019 ikaongezwa mbinu ya tatu, inayobeba nakala ya maandishi mapya ndani ya RNA elekezi yenyewe na kuyaandika pale pale. Hizi ndizo zinazostahili kuitwa kalamu. Mwaka 2025 mtoto mchanga huko Philadelphia, mwenye kasoro ya ini inayojaza amonia katika damu, alitibiwa kwa dawa ya aina hiyo iliyotengenezwa kwa ajili ya kasoro yake peke yake, ndani ya miezi michache tu.

Mkasi unaweza kukosea?

Ndiyo, kwa namna zaidi ya moja. Kosa linalotajwa sana ni kukata mahali pengine panapofanana na palipokusudiwa, kwa sababu Cas9 huvumilia tofauti ya herufi moja au zaidi, hasa zile zilizo mbali na PAM. Hilo limepunguzwa kwa Cas9 zilizoboreshwa na kwa kuchagua RNA kwa makini.

Ninaloliogopa zaidi ni kosa la mahali sahihi. Mwaka 2018 watafiti wa Taasisi ya Sanger, Uingereza, walionyesha kwamba pale pale palipokusudiwa, fundi mwenye haraka anaweza kupoteza maelfu ya herufi, si mbili tatu. Vipimo vya kawaida vilikuwa vikitazama eneo dogo tu kuzunguka mkato, hivyo hasara hiyo haikuonekana. Baadaye ilionekana pia kwamba kipande kizima cha kromosomu kinaweza kuvunjika na kuungwa ovyo. Haitokei katika kila seli, lakini unapomrudishia mgonjwa mamilioni ya seli unalazimika kuhesabu hata yale ya nadra.

Mbona mkasi uleule unaleta matokeo tofauti kwa viumbe tofauti?

Kwa sababu mafundi wanatofautiana.

Bakteria wengi hawana kabisa yule fundi wa haraka. Ukikata kromosomu yao bila kuwapa nakala ya kuiga, wanakufa. Watafiti wameligeuza hilo kuwa wazo la dawa: mkasi unaolenga jeni ya usugu na kuua bakteria sugu tu, wengine wakabaki. Chachu iko upande wa pili. Fundi wake mwangalifu ni hodari sana, hivyo ukiipa nakala inaipokea kwa urahisi.

Mimea ina shida nyingine. Seli yake imezungukwa na ukuta mgumu, na ukishahariri seli moja lazima uikuze tena hadi iwe mmea mzima, jambo ambalo aina nyingine zinakubali na nyingine zinagoma miaka nenda rudi. Ngano ya mkate ina nakala sita za karibu kila jeni. Ukizima tano, ya sita inaweza kuendelea kufanya kazi na usione tofauti yoyote.

Kwa wanyama, mkasi mara nyingi huingizwa kwenye yai lililorutubishwa. Ukichelewa kukata hadi yai limeshajigawa, seli nyingine zitahaririwa na nyingine zitaachwa, na mnyama atazaliwa mchanganyiko. Mwaka 2015 watafiti wa China waliripoti mbwa wawili waliozimwa jeni inayozuia misuli kukua. Jike, Tiangou, alihaririwa kikamilifu. Dume, Hercules, alikuwa mchanganyiko, licha ya jina lake. Ndege ni wagumu zaidi, kwani yai likitagwa kiinitete kina maelfu ya seli tayari. Kwa kuku huhaririwa seli zitakazokuja kuwa mbegu na mayai, na matokeo husubiriwa kwenye vifaranga.

Kuna mifano inayofundisha kitu, zaidi ya mbwa wenye misuli?

Tele, na mingi haina uhusiano na dawa wala kilimo.

Siafu na sisimizi huishi kwa kunusa. Mwaka 2017 makundi mawili ya watafiti yalizima jeni iitwayo orco, ambayo vipokezi vingi vya harufu vya wadudu haviwezi kufanya kazi bila hiyo. Sisimizi hao walitangatanga nje ya kundi, hawakufuata njia za wenzao. Kilichoshangaza kilikuwa ndani ya kichwa: sehemu ya ubongo inayopokea harufu haikukua ipasavyo. Inzi wa matunda akizimwa jeni hiyohiyo hanusi vizuri, lakini ubongo wake unajengeka. Jeni ileile, mkasi uleule, ubongo tofauti.

Mwaka huohuo vipepeo walizimwa jeni ya optix. Wa jamii ya Heliconius walipoteza wekundu wa mabawa, wakawa weusi. Aina nyingine, Junonia coenia, ikatoa mabawa yenye buluu ya kumetameta. Na mwaka 2016 samaki wa maabara aina ya pundamilia, baada ya kuzimwa jeni za kundi la hox13, walipoteza miale ya mapezi na kuota vifupa vya ziada mahali pake. Ni jeni za kundi hilo zinazojenga viganja na vidole vyetu.

Mazao yaliyohaririwa yameshafika sokoni?

Yapo. Japani ilianza kuuza mwaka 2021 nyanya yenye GABA nyingi, kemikali inayohusishwa na kushusha shinikizo la damu. Kabla ya hapo, mwaka 2016, mamlaka ya kilimo ya Marekani iliamua kwamba uyoga uliohaririwa usigeuke kahawia haraka hauhitaji usimamizi wake, kwa kuwa haukuwa na DNA ngeni.

Mfano ninaoupenda ni wa ndizi za kupika. Baadhi ya migomba hubeba DNA ya kirusi cha michirizi ndani ya kromosomu zake yenyewe, mahali kilipojipachika zamani. Mgomba ukiwa na afya kinalala. Ukame au joto vikiutesa, kinaamka na kuumwa kunaanzia ndani. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayoweza kukifikia. Mwaka 2019 Leena Tripathi na wenzake wa IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha nchi za joto, walitumia CRISPR kukikatakata kirusi hicho pale kilipolala, na mimea mingi iliyohaririwa haikuonyesha dalili ilipotiwa shida ya ukame. Kumbuka mkasi huu kazi yake ya asili ni kukata virusi. Ulikuwa nyumbani.

Hiyo si GMO, yaani kiumbe kilichobadilishwa vinasaba?

Inategemea nchi na inategemea kilichofanywa. Ukizima jeni ya mmea bila kuuwekea kitu kigeni, badiliko lenyewe haliwezi kutofautishwa na lile linalotokea lenyewe shambani, na Marekani na Japani zimelilegezea masharti. Mahakama ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2018 kwamba nalo ni GMO kisheria. Lakini CRISPR inaweza kutumika vilevile kuingiza jeni ya kiumbe kingine, na hapo hakuna ubishi.

Na mifugo?

Mwaka 2022 FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliona ng'ombe waliohaririwa wawe na manyoya mafupi, ili wastahimili joto, kuwa hatari yao ni ndogo. Mwaka 2025 ikaidhinisha nguruwe wasioshikwa na kirusi cha PRRS, ugonjwa wa nguruwe unaoshambulia uzazi na mapafu, kwa sababu wamehaririwa kipokezi ambacho kirusi hukitumia kama mlango. Tena, kuzima.

Nguruwe huhaririwa pia ili viungo vyao vipandikizwe kwa binadamu. Figo iliyopandikizwa Boston mwezi Machi 2024 ilitoka kwa nguruwe mwenye mabadiliko 69. Mengi ya hayo yalikuwa ya kuzima virusi vya kale vilivyojificha katika DNA yake.

Selimundu inaponyeshwaje?

Selimundu hutokana na herufi moja iliyokosewa katika jeni ya himoglobini. Ungetarajia dawa irekebishe herufi hiyo. Casgevy, dawa ya kwanza ya CRISPR kuidhinishwa, Uingereza mwezi Novemba 2023 na Marekani mwezi uliofuata, haiigusi kabisa.

Mtoto akiwa tumboni hutumia himoglobini ya aina nyingine, ambayo haina kosa hilo. Baada ya kuzaliwa, protini iitwayo BCL11A huizima na ile ya utu uzima huchukua nafasi. Madaktari hutoa seli shina za damu za mgonjwa, wanakata sehemu ya DNA inayoiwasha BCL11A ndani ya seli za damu, na fundi mwenye haraka anaiharibu kwa kuiunga vibaya. Breki imekatika, himoglobini ya utotoni inarudi, na chembe nyekundu hazipindi. Uzembe wa fundi umekuwa tiba.

Njiani kuna mateso. Kabla ya kurudishiwa seli zake mgonjwa hupewa dawa kali ya kusafisha uboho, inayoweza kumnyima uwezo wa kuzaa, na hukaa hospitalini wiki kadhaa. Gharama ni kubwa mno. Atakayeiita sindano ya mara moja hajaielewa.

Aliyepona atawarithisha watoto wake badiliko hilo?

Hapana. Zilizohaririwa ni seli za damu, si mayai wala mbegu za kiume. Jeni ya selimundu anaweza bado kuirithisha.

Vipi wale watoto wa China?

Mwezi Novemba 2018 He Jiankui alitangaza kuzaliwa kwa mapacha wa kike ambao alihariri viinitete vyao, akilenga jeni ya CCR5 ili wasiambukizwe VVU. Badiliko la kiinitete hufika kila mahali mwilini na hurithiwa. Mabadiliko aliyoyapata hayakuwa yale yanayojulikana kwa watu wenye kinga ya asili. Fundi aliunga alivyoona. Kulikuwa pia na dalili za mchanganyiko wa seli, na njia salama za kumkinga mtoto dhidi ya VVU ya baba zilikuwepo tayari. Alihukumiwa kifungo cha miaka mitatu Desemba 2019.

Mbu wa malaria wanaweza kufutwa kwa CRISPR?

Ndani ya vizimba, imeshafanyika. Wazo ni kumwekea mbu jeni inayobeba mkasi wake yenyewe. Mbu akirithi kromosomu moja yenye mkasi na nyingine isiyo nao, mkasi hukata ile ya pili, na fundi mwangalifu, akitafuta nakala ya kuiga, anaiga ile yenye mkasi. Hivyo karibu watoto wote hurithi, badala ya nusu. Mwaka 2018 watafiti wa Imperial College London wakiongozwa na Andrea Crisanti walilenga jeni ya doublesex ya Anopheles gambiae. Majike wenye nakala mbili hawakuweza kuuma wala kutaga, na makundi yakaisha kati ya kizazi cha 7 na cha 11.

Mwenye haraka ndiye tishio la mpango huu. Akiunga ovyo kabla ya mwangalifu kufika, herufi hubadilika, mkasi haupatambui tena, na mbu sugu wanazaliana. Doublesex ilichaguliwa kwa sababu eneo lililolengwa halivumilii mabadiliko: mbu atakayelibadilisha hupoteza uzazi. Mbu wa aina hii hawajaachiliwa nje, na wanaopinga wana hoja ya kweli, kwamba kitu kinachojisambaza hakina mpaka wa nchi.

Wanyama waliotoweka watafufuliwa?

Mbwamwitu waliotangazwa mwaka 2025 kuwa ni aina ya kale iliyofufuliwa ni mbwamwitu wa kijivu, wa aina iliyopo leo, wenye mabadiliko 20. Kiumbe aliyetoweka ana tofauti nyingi kuliko hizo.

Mkasi hubaki mwilini?

Kwa kawaida Cas9 huingizwa kama RNA au protini na huvunjwa ndani ya siku chache. Mkato wake ndio unaobaki, kwa muda wote ambao seli hiyo na uzao wake wataishi.

Kwa nini basi magonjwa mengine ya kurithi bado yanasubiri?

Kwa sababu ya usafiri. Damu unaweza kuitoa, ukaihariri nje, ukairudisha. Ini hunyonya lenyewe vitone vya mafuta vinavyobeba RNA, ndiyo maana yule mtoto wa Philadelphia alitibiwa kwa dripu. Jicho ni dogo na unaweza kulidunga moja kwa moja. Ubongo umefungiwa, misuli imetapakaa mwili mzima, na mapafu yamefunikwa na ute uliopo mahususi kuzuia wageni. Virusi vilivyotolewa makali vinatumiwa kubeba mkasi huko, lakini aina inayopendwa zaidi ni ndogo kiasi kwamba Cas9 pamoja na RNA yake haviingii vizuri. Maabara nyingi sasa hivi zinatafuta mkasi mdogo zaidi.